Mama Pudentienne na Sahani ya Fromaji

Mama Pudentienne alipewa kazi ya fromaji kwa sababu ya pua yake. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu, Uvira, katika hoteli ya Madamu Odile iliyotazama ziwa. Yeye alikuwa mfuaji wa mashuka. Wapishi wawili walikuwa wamekataa kugusa vile vipande vya maziwa yaliyoganda vilivyokuja kutoka Ulaya kupitia Usumbura, ng'ambo ya ziwa. Mmoja alisema vinanuka miguu ya askari, mwingine alisema ni dhambi kumlisha mtu kitu chenye ukungu. Pudentienne akaitwa kutoka kwenye beseni lake, akakiinamia kisanduku cha vipande vile, akanusa, akasema haoni ubaya wowote. Alikuwa amemuuguza mume wake miaka miwili, kidonda cha mguu ambacho hakikupona mpaka kikamchukua, na tangu hapo hakuna harufu iliyoweza kumfukuza chumbani.

"Basi itakuwa weye," Madamu alisema.

Hivyo ndivyo mwanamke wa tambarare ya Ruzizi, mtoto wa wakulima waliolala na kuamka kwa Kirundi na kwenda misa kwa miguu, alivyojikuta anatunza kitu ambacho kwao hakikuwa hata na jina. Vitabu huita jibini. Uvira walisema fromaji, kama wazungu, na yeye akasema hivyohivyo.

Madamu Odile hakuwa mwalimu mpole. Siku ya kwanza Pudentienne alikata ncha ya kipande cha pembetatu, akaiweka sahanini. Madamu akampiga vidole kwa ubapa wa kisu. Aliyepewa ncha amepewa moyo wote, alimwambia, na mwenzake ameachiwa ganda. Kila mgeni apate tangu moyo hadi ganda. Akamfundisha kuitoa kwenye frigo mapema, wageni wakiwa bado kwenye supu. Ulaya ni saa nzima, lakini Uvira nusu saa inatosha. Ikizidi hapo, fromaji inatoka jasho na kulala chali kama mlevi. Kila fromaji na kisu chake, maana ile kali ikiigusa ile pole zote zinakuwa kali. Na ipangwe kwa kuzunguka, kuanzia ya upole mpaka ya ukali, ili ulimi usiumizwe mapema ukashindwa kusikia yanayofuata.

Pudentienne alishika yote. Alikuwa mtu wa kushika. Lakini kuonja alionja vile vilivyodondoka tu, amesimama kwenye kona ya kuzini, jiko la hoteli, mgongo kwenye mlango wa frigo, huku mguu mmoja ukipumzika juu ya mwingine. Sahani nzima hakuwahi kula. Hakuna aliyemkataza. Haikumjia tu yeye, wala mtu mwingine, kwamba angeweza kuketi.

Uhuru ulipokuja, mwaka wa sitini, Madamu alikaa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu alipakia gari akaenda Usumbura na hakurudi. Funguo alimwachia Modeste, karani aliyekuwa akiandika majina ya wageni mlangoni. Pudentienne alipewa mkono, na Madamu akasema, "Utunze fromaji." Hakusema kwaheri. Labda alidhani amesema.

Zile fromaji za frigo zilikwisha kabla ya mwezi kwisha. Modeste, ambaye sasa wote walimwita patron, yaani bosi, alikuja kuzini akasimama mbele ya frigo tupu.

"Mama Pude, tufanye namna gani?"

"Tuache, patron. Watu wetu hawaijui."

"Hapana. Hoteli bila fromaji iko nini? Iko kantini. Watasema tulipewa hoteli tukaigeuza kantini."

Alikuwa mwembamba, Modeste, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini, na hofu ya kuchekwa ilikuwa imemkaa kuliko hofu nyingine zote za mwaka ule. Pudentienne alimhurumia. Akamwambia amesikia kwamba huko Rurambo, juu ya milima, kuna mfugaji mmoja aliyefundishwa na bruda wa misioni kutengeneza fromaji nyeupe. Ataenda kuona.

Mfugaji yule aliitwa Sévère. Alikuwa na ng'ombe kumi na wanne, mke mnyamavu, na kibanda cha mawe alichokizika nusu ardhini ili baridi isitoke. Pudentienne alifika kwake jioni, baada ya kupanda kamyo, lori la miwa, mpaka chini ya mlima na kutembea siku nzima. Aliketi juu ya jiwe, akanywa maziwa mara mbili.

"Dada, nani alikutuma kuja huku na miguu hiyo?" Sévère aliuliza.

"Hoteli."

"Hoteli haina miguu yake?"

Walicheka, na kazi ikaanza kwa kicheko hicho. Kwa kweli ilikuwa kazi ya kuchosha. Sévère alijua ile nyeupe ya siku tatu tu. Pudentienne alijua jinsi zile nyingine zinavyopaswa kuwa zikifika mezani, lakini hakujua zinavyotengenezwa. Mmoja aliujua mwanzo, mwingine mwisho, na katikati walipapasa. Miezi minane ya kwanza fromaji zilipasuka, nyingine zikaingiwa na funza, nyingine zikawa chungu hata mbwa akazikwepa. Kila mwezi Pudentienne alipanda, akanusa, akabonyeza kwa kidole gumba, akasema bado, akashuka. Magoti yake yaliharibika katika safari zile.

Mwaka wa sitini na mbili walikuwa wamepata aina nne. Ya kwanza ile nyeupe, laini, inayonukia nyasi. Ya pili ya mwezi mmoja na nusu, yenye ganda la kijivu. Ya tatu ngumu, ya miezi kumi, ambayo ukiivunja inatoa chembe ndogo kama chumvi. Ya nne Sévère aliiosha kila siku mbili kwa pombe ya ndizi mpaka ganda likawa la rangi ya chungwa na harufu ikajaa kibanda kizima. Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na mke wake hakutaka kuisogelea.

Pudentienne aliziweka sahanini kama alivyofundishwa, akaongeza vyake: asali kidogo, karanga zilizokaangwa bila mafuta, na marakuja, lile tunda la pasheni, aliyoipika na sukari kidogo ili ibaki na uchachu wake. Aliiweka ile marakuja karibu na fromaji nyeupe, kwa sababu rangi zilipendeza.

Wageni wapya walikuwa makarani wa jana waliokuwa wakubwa wa leo. Waliagiza fromaji kwa sauti, ili meza ya jirani isikie, na ilipokuja waliigusa kwa uma kama mtu anayegusa kitu kilichokufa. Sahani zilirudi kuzini zimejaa. Pudentienne alifuta, akafunika, akarudisha. Siku nyingine alikaa akiangalia kile kipande cha Sévère kilichobebwa mlima mzima, kimeachwa na alama moja ya jino, na uchovu ukamshika mpaka machoni.

"Hawaipendi, patron," alisema.

"Hawajaizoea," Modeste akajibu. "Weye endelea."

Akaendelea. Na kweli, polepole, baadhi walianza kumaliza. Mkaguzi mmoja wa shule alikuja kila Alhamisi kwa fromaji tu, akala kimya, akaondoka. Lakini hata yeye, mtu aliyeipenda, kila mara aliacha kipande kimoja kimoja huku na huku. Pudentienne hakuelewa kwa nini. Siku hizo sahani ilikuwa na vipande tisa, maana Modeste alitaka ionekane imejaa.

Mwezi wa tano mwaka wa sitini na nne waasi waliingia Uvira. Walishuka wengi, wamevaa majani na ngozi, na askari wa serikali walikimbia kabla ya risasi nyingi. Kila aliyekuwa na tai shingoni alikuwa hatarini. Modeste alivua tai yake, akavua viatu, akavuka kwa mtumbwi kwenda ng'ambo akiwa amelala chini ya neti. Alimwomba Pudentienne waende pamoja.

"Nitakaaje kwenye mtumbwi na magoti haya?" alisema. "Nenda, patron. Minye niko mufuaji tu."

Siku tatu baadaye komanda wa waasi alifanya hoteli kuwa makao yake. Ilikuwa saa saba mchana, joto la kupasua mawe, alipoketi kwenye barza pamoja na watu wake kumi. Walikuwa wamekula mbuzi. Akapiga meza.

"Wazungu walikula nini hapa kisha ya nyama?"

Mpishi aliyebaki akamtazama Pudentienne. Yeye akajibu, "Fromaji."

"Lete."

Alitaka kusema hakuna. Lakini alikuwa na zote nne, Sévère alikuwa amezileta mwenyewe wiki moja kabla. Akazipanga. Mikono ilifanya kazi yenyewe: kisu hiki, kisu kile, moyo hadi ganda. Alipoiweka sahani mezani, alisimama mganga wao wa dawa. Alikuwa mzee mwenye shanga kifuani, kazi yake kuwalinda wapiganaji wasipoteze nguvu za dawa zao, na miiko yao ilikuwa mingi.

"Hii iko nini? Iko na ukungu."

"Iko fromaji, baba. Ukungu ni nguo yake."

"Chakula cha mukono wa mwanamuke," alisema kwa wenzake. Kisha akamgeukia, mbele ya wanaume kumi na mmoja. "Weye mama, ungali unaona mwezi?"

Pudentienne alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alisikia uso wake ukiwaka, halafu ukapoa. Hata aibu inahitaji nguvu, na yeye hakuwa nazo.

"Mwezi umeniacha miaka mitano," alisema.

Mmoja alicheka, akanyamazishwa. Yule mzee akafikiri, akasema basi, si mwiko. Lakini inaweza kuwa sumu. Ale yeye kwanza. Ale yote.

"Nitaomba kiti," Pudentienne alisema.

Walimtazama. Komanda akasukuma kiti kwa mguu. Akaketi.

Baadaye, alipozeeka na kuishi mtaa wa Songo, alisimulia jambo hili mara nyingi na kila mara kwa namna moja. Alisema hofu ilikuwepo, lakini ilikuwa kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Kilichokuwa karibu zaidi ni kwamba ameketi, na miguu imeacha kuuma. Akaanza na ile nyeupe. Akaisikia kwa mara ya kwanza ikiwa na nafasi kinywani, bila haraka, bila mlango wa frigo mgongoni. Akachukua marakuja, akaila pamoja nayo, na hapo akatambua kwamba amekosea miaka miwili. Ule uchachu uliifunika kabisa. Nyeupe ilitaka asali, au isiwe na kitu chochote.

Akala ya pili. Akala ya tatu, ile ngumu, akatafuna polepole, na bunduki zikamngoja. Akala ya nne, ile ya chungwa, ikamjaa kichwa kizima, na kinywa chake chenyewe kikaomba marakuja. Akaiweka juu yake. Zilikutana kama watu waliotafutana.

Vipande vinne. Vilibaki vitano, na akagundua hataki tena. Kinywa kilikuwa kimesikia kila kitu. Akamkumbuka yule mkaguzi wa shule na vipande alivyoacha: hakuchukia, alikuwa ametosheka. Kula cha tano ilikuwa kazi tu, cha sita adhabu. Alimaliza vyote tisa, kwa sababu ndivyo alivyoamriwa.

Wakamngoja kidogo, kuona kama ataanguka. Hakuanguka.

"Lete nyingine," komanda akasema.

Akaenda, akaileta. Vipande vinne kwa kila mtu safari hii, marakuja pembeni mwa ile kali. Na akafanya kitu ambacho hakuwa ameombwa: akawaonyesha waanzie wapi. Wengi walitema ile ya nne. Komanda hakutema. Alirudia ile ngumu ya miezi kumi, akaivunja kwa vidole, akatazama zile chembe, akala tena.

"Hii inatoka Ulaya?"

Kama angesema ndiyo, mambo yangeishia hapo. Alilijua hilo kila siku ya maisha yake iliyofuata. Lakini ndiyo kwanza alikuwa ameila sahani ile, alikuwa ameielewa, na mtu alikuwa akimuuliza nani ameifanya.

"Hapana, patron," alisema. "Hii ni ya Sévère. Wa Rurambo."

"Ana ng'ombe?"

Hapo ndipo alipousikia ulimi wake. Akasema wachache. Akasema labda wamekufa. Komanda alikuwa amekwisha kugeuka kuzungumza na watu wake.

Siku ya nne baada ya hapo Pudentienne aliaga kwamba anaenda kutafuta kuni, akatoka mjini. Hakuna kamyo lililotembea. Alitembea kandokando ya miwa, kisha akaupanda mlima kwa siku mbili, mara nyingine akishuka miteremko kwa makalio kama mtoto. Hakusali. Alihesabu mawe tu, mpaka jiwe lile, kisha mpaka lile.

Zizi lilikuwa tupu. Sévère aliketi kwenye mlango wa kibanda cha mawe. Ndani rafu zilikuwa zimeangushwa, fromaji zimekanyagwa, na harufu ya ile ya chungwa ilitoka mpaka nje.

"Balikamata zote," alisema. "Zilikuwa zimefika kumi na sita. Na ndama."

"Ni minye niliyewaambia, kaka."

Sévère akainua uso.

"Walikulazimisha?"

Angeweza kusema ndiyo, na yeye angeamini.

"Hapana. Waliuliza nani aliifanya. Nikafurahi kuulizwa."

Sévère akatikisa kichwa. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. "Ungesema inatoka Ulaya, Pude. Neno moja." Kisha akaokota kipande cha rafu, akakiweka pembeni. Mke wake alimletea Pudentienne maji, akayaweka chini bila kumtazama. Alilala pale usiku mmoja kwa sababu mwili haukuweza kufanya kitu kingine, na asubuhi akashuka. Hakuna aliyemsindikiza.

Mwezi wa kumi jeshi la serikali liliurudisha mji mikononi mwake. Hoteli iliporwa, na waliopora walichukua hata milango. Pudentienne alishikwa siku nne kwa kosa la kuwalisha waasi. Akaulizwa maswali na ofisa aliyetaka majina, na hakutoa jina hata moja, hata la mpishi, hata la kuku aliyewachinjia. Wakachoka naye, wakamwachia.

Akahamia Songo kwa binti yake Georgette, ambaye alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwa, ufukweni. Akawa anaanika pamoja naye. Ni kazi ya kuinama, na magoti hayakuipenda, lakini alipewa kigoda na Georgette akamkataza kubeba. Majirani walipomuuliza habari za hoteli aliwaeleza vizuri, kwa sababu alipenda kueleza: usiweke nyingi, nne zinatosha, hata tatu. Ziwe tofauti kweli, si ndugu wa baba mmoja. Chachu iende kwa kali. Toa kabla ya supu kwisha. Wakimwuliza fromaji zilitoka wapi, alisema zilitoka mbali.

Mwaka wa sitini na saba Modeste alirudi. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alimkuta kwenye ndagala, akachutama mbele yake bila kujali suruali.

"Mama Pude, nimepata ruhusa. Nafungua tena. Meza sita tu. Nakuomba urudi."

"Kufanya nini?"

"Fromaji. Nimesikia Sévère ana ng'ombe watatu sasa. Panda, zungumza naye."

"Panda weye, patron. Minye siwezi kumwomba kitu yule mtu."

Akamweleza kwa nini. Alikuwa hajamweleza mtu yeyote, hata binti yake, na Georgette aliyekuwa karibu akaacha kazi akasikiliza. Modeste alisikiliza pia, akasugua macho, akasema kama si yeye kung'ang'ania fromaji, mwaka ule wa uhuru, hakuna ambaye angemjua Sévère. Pudentienne akamwambia asijibebeshe mzigo usio wake, wa kwake unamtosha.

Modeste alipanda Rurambo. Alikaa siku mbili, akarudi mikono mitupu. Sévère anauza maziwa mabichi sokoni, alisema, na hataki tena habari za fromaji. Alimwambia kwamba anayeuza maziwa asubuhi, jioni yake hana kitu ndani cha kulinda.

"Hakusema kitu juu yangu?" Pudentienne akauliza.

"Alisema. Alisema nikuambie hana hasira tena. Amechoka tu."

Pudentienne akarudi kwenye kazi yake. Ndagala zilikuwa zimekauka upande mmoja, na Georgette alikuwa ameanza kuzigeuza mwisho ule mwingine wa turubai.

"Hata minye," alisema.

Modeste alifungua hoteli yake mwaka uleule, meza sita, milango mipya. Baada ya nyama wageni walipewa ndizi mbivu, na hakuna aliyelalamika.